Mzigo wa Kuhama

Mtaani walimwita Profesa, na si kwa heshima. Alikuwa chuoni akisoma fasihi, na likizo nzima hakuonekana bila kitabu. Alilala kifudifudi tangu asubuhi, riwaya mbele ya pua, akimlilia mama mmoja wa kitabuni aliyechoshwa na kubeba maji, huku mama yake mwenyewe akipita mlangoni na ndoo huku na huku. Akiitwa asaidie, anajibu, "Nimalizie sura hii kwanza." Na sura za yule binti zilikuwa haziishi.

Mama naye hakuwa malaika. Kazi yake ilikuwa kwenye kampuni ya kuhamisha watu: kufunga vyombo vyao, kufungua vitanda na makabati, kupanga vitu kwenye maboksi. Wenzake walimbatiza Mama Selotepu, maana selotepu haikumtoka mkononi, na mdomo wake nao ulikuwa hivyo hivyo, ukikunasa haukuachii. Wiki ya kwanza ya likizo aliishiwa karatasi za kufungia, akachukua rundo la fotokopi chini ya kitanda cha binti yake, akafungia glasi za mteja. Zilikuwa noti za muhula mzima, zimepigiwa mistari kwa kalamu za rangi.

"Si zilishaandikwa pande zote?" akasema alipoulizwa. "Zilikuwa na kazi gani tena?"

Samahani haikumtoka. Profesa naye akampa vidonge vyake mbele ya jirani: akamwambia yeye ni mhusika bapa, yule wa hadithini asiyebadilika tangu mwanzo hadi mwisho. Jirani hakuelewa, mama hakuelewa, lakini tusi halihitaji kamusi. Tangu siku hiyo nyumba ikawa ya kununiana. Mama anazima taa binti akiwa katikati ya ukurasa, binti anaacha sahani yake mezani iote ukungu.

Basi Profesa akaamua jambo na kulimeza kimya. Akiondoka safari hii, harudi, iwe likizo fupi au ndefu. Rafiki yake wa chuo alikuwa amepata chumba karibu na maktaba, wangekaa wote wawili. Mama angeambiwa kwa simu, Profesa akiwa mbali, mahali ambapo ule mdomo haufiki. Ilibaki kutoka tu nyumbani kesho asubuhi bila mama kushtuka. Kumwambia uso kwa uso asingethubutu. Hilo alilijua, na lilimkera kuliko yote.

Jioni akafunga mizigo, mkono mmoja ukiwa na riwaya ambayo mwalimu alitaka iwe imesomwa kabla ya kufungua chuo. Anasoma aya, anatupia nguo. Anasoma nyingine, anatupia kiatu. Vitabu vyote vikaingia kwenye maboksi. Vikafuata vyeti vyake vya shule ya msingi, sweta lililokwisha kumbana, na picha ya marehemu baba aliyoitoa ukutani. Hapo ndipo mama aliporudi kazini, akasimama mlangoni.

"Umefunga vibaya," akasema. "Yatapasuka chini."

"Yaache yalivyo, mama."

Ayaache wapi! Huyo mwanamke hawezi kuona boksi akalipita. Akapiga magoti, akafungua, akaanza kutoa kitu kimoja kimoja avipange upya. Alitoa vitabu. Alitoa vyeti. Alipofika kwenye picha, mkono ukapunguza kasi. Akatazama ukutani, msumari mtupu. Akavuta droo, akakuta vumbi tu.

"Huu si mzigo wa safari," akasema polepole. "Mtu wa kurudi anaacha kitu. Anaacha kandambili, anaacha hata nguo chafu. Mimi nimemfungia mizigo mke wa mtu aliyemuaga mumewe kuwa anakwenda kwao wiki moja. Nikaona ameweka albamu za picha, nikajua hapo hakuna wiki wala nini. Wewe unahama."

Maneno yote aliyoyasoma Profesa likizo ile, hata moja halikuja kumsaidia. Hasira ndiyo iliyomwokoa.

"Ndiyo, nahama. Nimechoka. Humu ndani hata karatasi zangu hazina usalama, sembuse mimi."

"Ungeniambia lini?"

"Kwa simu."

"Kwa simu," mama akarudia, akacheka kicheko kifupi, kibaya. "Haya."

Akatoka. Profesa akashusha pumzi, akidhani yamekwisha. Kumbe mama alifuata spana. Akarudi, akalivuta godoro hadi chini, akaanza kufungua bolti za kitanda.

"Mama, unafanya nini?"

"Kazi yangu. Mtu akihama, kitanda kinafunguliwa. Shika ubao huo usije ukaniangukia."

Akaushika, kwa mara ya kwanza likizo nzima akashika kitu alichoambiwa. Haikuchukua muda, kitanda alicholalia tangu utotoni kikawa mbao zilizofungwa kamba na kuegemezwa ukutani. Chumba kikaonekana kikubwa, hakina mwenyewe.

"Sasa mimi leo nalala wapi?" Sauti ilimtoka ya kitoto, akajichukia kwayo.

"Wageni wanalala sebuleni."

Mama akatandika kochi kwa shuka lile la kabatini, ambalo Profesa hakuruhusiwa kulilalia hata alipougua. Akaleta taulo la wageni, limekunjwa vizuri. Kisha akamuuliza, kwa adabu ambayo hakuwahi kumpa, kama angependa chai, na kama anatumia sukari. Eti kama anatumia sukari! Amemkorogea chai miaka yote hiyo, leo anamuuliza. Profesa akatamani atukanwe. Akatamani aitwe mvivu, aitwe mshenzi, chochote ambacho mgeni haitwi.

"Mama, usinifanyie hivi. Tafadhali."

"Kwani nimekufanyia nini?" mama akasema, akimwekea kikombe kwenye kisahani. "Karibu. Jisikie uko nyumbani."