Mteja Aliyetaka Nimtoe Kwa Mazishi

Leo mteja ameniambia nimtoe yeye mwenyewe kwa kanda ya mazishi. Kila mahali anapoonekana!

Simjui. Ametoka Kibera hadi hapa kwangu Gatina, eti amependa vile nilitengeneza video ya harusi ya jirani yake.

Wateja natafuta, ndio. Lakini huyu? Nikawaza ameua mtu, sasa anafuta ushahidi. Nyinyi mngewaza nini?

"Kwani hutaki nani akuone?"

"Mama."

Hapo ndio nikazidi kumshuku. Nikaweka kanda kwa deki, mkono mmoja karibu na mlango.

Halafu kwa TV jeneza likafunguliwa. Ndani, sura yake. Yake kabisa, wasee!

"Tulikuwa mapacha," akasema. "Siku hizi mama anasahau watu. Akiniona kwa hiyo kanda, anaita jina la ndugu yangu."

Niliona aibu. Nikaanza kukata.

Tukafika mahali mama yake amemkumbatia huyu mteja, analia. Kumtoa hapo ni kumtoa mama pia. Nikamuuliza nifanye nini.

Akaweka kidole kwa TV.

"Hiyo wacha. Hapo bado alikuwa ananijua."