Ng'ombe wa Walinzi Huingia Mwisho

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kiangazi kile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja kwetu Ipililo na mizani zao. Soko lilikuwa limefunguliwa, na kila mwenye shoka alifyeka pori apande pamba. Mla ni mla leo, walisema, mla jana kala nini?

Pori lililosalia lilikuwa ngitili ya kijiji, mbuga tuliyoifunga mifugo isiingie mpaka kiangazi kikolee, majani yakue na migunga michanga ichipue. Waliojitolea kuilinda walikuwa wachache, wakiongozwa na senge Milembe, dada yake baba. Hawakulipwa hata chumvi. Walizungushia miche matawi ya miiba, na walijiwekea sharti: siku ya kufungua, ng'ombe wa walinzi huingia mwisho. Mimi, binti mwenye mdomo, niliwacheka.

Basi siku hiyo ng'ombe mwekundu wa senge, aliyewapa wajukuu zake maziwa, alianguka zizini kwa njaa. Majani yalikuwa pale pale, ng'ambo ya miiba. Nikachukua mundu, nikamwambia senge nitamkatia mzigo mmoja tu, nani atajua? Akanishika mkono.

"Bebe, wewe binti, hakuna anayeliogopa rungu langu," alisema taratibu. "Watu wanaliangalia zizi langu. Ukikata mzigo mmoja leo, kesho wataleta makundi."

Ng'ombe akafa kabla ya jua kuzama. Nililia kuliko mwenyewe. Senge akawagawia majirani nyama, na asubuhi akarudi kwenye miche yake. Baba, ambaye alikwisha kunoa shoka apate kipande cha ngitili kwa pamba yake, alilirudisha uvunguni. Nilimpenda sana senge siku ile, na nilimwogopa kidogo.

Siku ya kufungua, wanakijiji walisimama na mifugo yao, wakakataa kuingia mpaka senge atangulie. Naye akawafokea waache kuwatesa ng'ombe wenye njaa. Wakaingia. Yeye akafuata mwisho, na ng'ombe wake waliobaki.

Akiba haiozi, mwanangu, lakini hailindwi kwa maneno. Ukitaka watu waiheshimu sheria, kubali ikuume wewe kwanza. Mungu akupe moyo wa kulinda kisicho chako peke yako, na wajukuu zako wachunge kivulini.