Likembe Lenye Koo la Mtu Mwingine

Likembe langu la kwanza nililitengeneza kwa mbavu za mwavuli uliotupwa sokoni Kasongo. Nilizipondaponda juu ya jiwe mpaka zikawa bapa, nikazipanga juu ya kisanduku cha mti mwepesi, nikazibana kwa waya. Likembe hukaa mikononi, na vidole gumba peke yavyo ndivyo vinavyofanya kazi, kwa hiyo mtu anaweza kulipiga huku anatembea. Ndiyo sababu barabara yetu ya kwenda Kabambare, wakati ule wa Wabelgiji, haikukosa muziki.

Baba alikuwa amekufa, na mama alikuwa amemtangulia. Niliacha shule ya misioni kabla sijamaliza darasa la nne, kwa kuwa nyumbani kulikuwa na wadogo watatu: dada anayenifuata, mdogo wetu wa kiume, na kitinda mimba ambaye bado alilala na kidole mdomoni. Shamba la pamba la baba likawa langu. Pamba haikuwa hiari. Monita wa pamba alipita kukagua mashamba, na mtu aliyekutwa na nyasi alipelekwa buloko, akafungwa. Siku tulipomaliza matanga, baba mkubwa, yaani kaka yake baba, aliniita pembeni.

"Mwanangu, siku weye ukifungwa, nitakuja kuchukua hawa watoto. Mmoja atakaa kwangu, mmoja kwa shangazi yenu, na huyu mdogo nitamtafutia pahali. Siwezi kuwaacha peke yao kama mbuzi."

Hakuwa na ukali. Alitupenda, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi, maana sikuweza hata kumkasirikia.

Siku ya kupima pamba, watu wakiwa wamepanga mstari juani na vikapu vyao, nilimsikia kwa mara ya kwanza mtu wa Kabambare. Alikuwa kantonye. Alipewa kipande cha barabara akitunze, afyeke kando na kuziba mashimo, na siku ile alikuwa amekuja kumsaidia shemeji yake kubeba mizigo. Likembe mikononi, aliimba shimo moja analoliziba kila wiki:

"Shimo, mke wangu wa pili,
jana nimekulisha kifusi,
leo umefungua mdomo tena."

Mstari mzima ulicheka. Sauti yake ilikuwa ya juu, nyembamba kama uzi wa kushonea, na haikukatika. Mimi nilisahau kusogeza kikapu changu. Nyimbo nilizozijua zilikuwa za arusi, za mapacha, za msiba na za kanisani. Sikujua kwamba mtu anaweza kuimba shimo la barabarani, kazi yake mwenyewe, na watu wakasimama kumsikiliza.

Tangu siku hiyo nilikusanya nyimbo zake kwa kila aliyepita kutoka Kabambare, wabebaji na wenye baiskeli. Nilisogeza mbavu za likembe langu moja moja mpaka zikalia kama lake. Dada yangu, aliyeniita yaya kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wao, alinitania kila jioni.

"Yaya, leo unatupikia au unaziba barabara?"

Mvua zilipoanza, mtu mmoja wa baiskeli aliniambia kwamba wapigaji hukutana Lusangi Jumapili ya mwezi mpya, Wakristo wakitoka kanisani na Waislamu wakishasali adhuhuri, na kwamba kantonye huwa hakosi. Nilisita, kwani nyasi zilikuwa zimeanza kunishinda shambani. Dada ndiye aliyenisukuma.

"Nenda. Ukibaki hapa utaimba nyimbo za yule baba wa Kabambare mpaka kuku wazijue."

Nililala njiani, nikafika Lusangi na miguu yenye tope. Walikuwa wameketi nyuma ya nyumba ya mama mmoja mfinyanzi, ambaye yeye mwenyewe alipiga kayamba. Kwao mgeni ndiye anayepiga kwanza. Nami, mbele ya kantonye mwenyewe kabisa, nikapiga wimbo wake wa shimo.

Nilipofika pale sauti inapopanda, koo langu lilikatika kama kamba iliyooza. Nilijaribu tena, likakatika tena.

"Shimo limemumeza!" mama mfinyanzi akapiga kelele. "Kantonye, kuja na beleshi umutoe!"

Walicheka mpaka wakafutana machozi, na mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu. Kantonye peke yake hakucheka. Alinyoosha mkono, akalichukua likembe langu, akaligusa kidogo, akaliweka karibu na sikio.

"Hii likembe iko na koo yangu," alisema. "Ya kwako uliiacha wapi, bwana mudogo?"

Alitoa kisu, na kwa mpini wake akaanza kugonga mbavu zile, kila moja ikitoka nje kidogo na sauti yake ikishuka. Iliniuma. Miezi yote niliyotega sikio ilikuwa inaondoka mbele ya macho yangu, tena kwa mkono wake yeye. Alipomaliza akanirudishia.

"Imba ya kwako."

"Sina."

"Una wadogo?"

"Watatu."

"Unawaita namna gani kula?"

Hicho nilikuwa nacho, lakini sikuwahi kukihesabu kuwa wimbo. Nikaimba:

"Unayenifuata, keti mlangoni.
Wa katikati, keti karibu na maji.
Kitinda mimba, keti gotini pangu.
Sahani ni moja, hakuna wa kuondoka."

Sauti ilitoka kifuani, nzito, bila kutafutwa. Likembe liliifuata. Mama mfinyanzi akatikisa kayamba na wote wakaitikia: "Hakuna wa kuondoka." Sijui kama nimewahi kufurahi vile.

Waliponiambia nije kila Jumapili ya mwezi mpya, niliwaeleza ukweli: shamba, monita, baba mkubwa.

"Nyasi zimefika wapi?" kantonye aliuliza.

Nikagusa goti.

"Yesu!" mama mfinyanzi alisema. "Na weye ukakuja na miguu yako kutuimbia shimo!"

Wao walikuwa na desturi yao. Mpigaji mwenye nyasi shambani hapigi. Likembe lake linashikwa na mwenzake mpaka shamba liwe safi. Kantonye akalichukua langu tena, akalining'iniza shingoni mwake. Hawakunieleza zaidi, nami sikuthubutu kuuliza. Nilirudi nyumbani mikono mitupu.

"Wamekunyang'anya?" dada aliuliza.

"Sijui."

Nililima peke yangu kadiri nilivyoweza. Nyasi za nyuma yangu ziliota kabla sijamaliza za mbele. Kisha habari ikafika kwamba monita yuko kijiji cha jirani.

Asubuhi iliyofuata nilisikia likembe barabarani. Niliijua sauti ile kwa kuwa ilikuwa yangu. Kantonye alitangulia, jembe begani, na nyuma yake mama mfinyanzi na wenzao wa Lusangi, wamebeba muhogo na majembe. Aliyeshikiwa likembe lake, wenzake wanamfuata shambani. Ndiyo nusu ya pili ya desturi, ambayo hawakuona haja ya kuitaja. Waliingia kwenye mistari ya pamba, na kwa zamu mmoja akapiga huku wengine wakilima, wakiimba wimbo wangu wa sahani.

Baba mkubwa alifika jua likiwa juu. Alikuwa na kikapu kitupu, na nilijua ni cha kubebea nguo za wadogo zangu. Alisimama mwisho wa shamba. Monita naye alikuja, akapita mstari mmoja, akapita wa pili, akatazama kundi lile la watu wenye jasho.

"Hawa wote ni ndugu zako?"

"Ndiyo," kantonye alijibu kabla yangu. Monita akaenda zake.

Tulikula ugali na sombe, majani ya muhogo, uani. Wageni walianza wimbo tena, na wadogo zangu wakakaa kila mmoja pahali pake: mlangoni, karibu na maji, gotini pangu. Baba mkubwa alikuwa bado amesimama na kikapu chake.

"Na miye nikae wapi?" aliuliza.

Kitinda mimba alitoa kidole mdomoni, akamwonyesha kikapu. Baba mkubwa akakipindua, akakikalia, akanawa mikono.