Mnyama Asiye na Nyongo

Wifi yangu ni muuguzi kule Wasso, mimi ni fundi cherehani hapa Karatu mjini. Kati yetu kuna safari ndefu ya basi na vumbi, kwa hiyo uwifi wetu umekulia kwenye simu. Yeye ndiye aliyeanza. Mchana mmoja aliweka kwenye kundi la familia habari aliyoisoma katika kamusi elezo ya mtandaoni, kwamba pimbi, yule mnyama mdogo kama sungura anayeota jua juu ya mawe, ni ndugu wa tembo. Chini yake akaandika kwamba mtu asishangae, kwani hata yeye na kaka yake wametoka tumbo moja. Wifi ni mdogo wa umbo; kaka yake ndiye mume wangu, na milango mingine huipita kwa ubavu.

Nikamjibia mume wangu, kwa mchezo wa maneno niliouokota mtandaoni. Ilikuwa picha ya mbuzi yenye maandishi, "Mbuzi anauzwa. Hali majani, anakula nazi tu." Kwetu Tanga hata mtoto angecheka, maana mbuzi ndicho kile kigoda chenye meno tunachokunia nazi. Nilisahau kwamba nimeolewa kijijini Qurus, ambako mboga huungwa kwa maziwa.

Haikupita saa moja, mama mkwe akanipigia. Aliuliza kwa upole kama mbuzi huyo ni dume, na kama kukataa majani si dalili ya ugonjwa. Nikamweleza maana yake, polepole, huku uso ukiniwaka.

"Kwa hiyo mbuzi hayupo," akasema.

"Hayupo, mama."

"Basi mwambie baba mkwe wako mwenyewe. Ameshaanza kutengeneza zizi."

Baada ya hapo wifi hakuniacha nipumue. Kila akipata mtandao alinitumia kioja kipya, na mwishoni huuliza kama nacho kinakula nazi. Nilijifanya nimechukia, lakini nilivisubiri, nikivipata navigawa kwa wateja wakati nawapima. Siku moja akaniandikia kwamba nyumbu hana nyongo, ndiyo maana kila siku yuko porini na simba na bado hana kinyongo na mtu. Neno la nyongo likitoka kwa muuguzi, nani abishe?

Kesho yake alikuja mteja wangu mmoja, mwongoza watalii anayeshuka kreta, lile bonde la wanyama, karibu kila siku, kushonewa suruali za kazi. Nikamweleza habari za nyumbu huku nikimzungushia futi kiunoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa adabu, "Dada, umekosea mnyama. Asiye na nyongo ni punda milia. Na huyo kwa kung'ata na kupiga mateke, hana mpinzani."

Kwa aibu niliandika kipimo cha kiuno chake mara mbili. Alipoondoka nikaingia kwenye kamusi elezo, nikakuta ni kweli, punda milia hana kifuko cha nyongo.

Sikumwandikia wifi. Nilingoja mpaka alipokuja likizo Qurus, nikambana jikoni tukichambua mboga, mama mkwe akisonga ugali pembeni yetu. Nikamuuliza habari ile ya nyumbu aliisoma wapi. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, akakiri kwamba aliitunga mwenyewe akiwa kwenye foleni ya chai, apate kuona nitaifikisha wapi. Nikamwambia imefika kreta. Kisha nikamwambia kwamba uongo wake ulikosea mnyama mmoja tu, asiye na nyongo ni punda milia, yule anayeng'ata na kupiga mateke. Hakuamini, nikampa simu. Aliusoma ukurasa ule, akarudia tena, na mimi nikawa na furaha ambayo mke wa mtu hapaswi kuionyesha ukweni.

Hatimaye akanirudishia simu. "Kumbe hata uongo wangu umekwenda shule," akasema.

Mama mkwe akauliza huyo punda milia anayeng'ata watu bila nyongo, hasira anaitoa wapi. Wifi akaichukua tena simu, akatafuta, akashusha ukurasa mpaka chini, hakuona kitu. Mama mkwe akasema basi tuoshe hizo mboga, ugali umeshaiva.