Lenzi ya Kupigia Nyani

Mikumi ukisema unatafuta lenzi ya kuvuta, kila mtu anakuonyesha mnyama. Mimi nilikuwa natafuta ya kupigia harusi, tena ya wifi yangu, dada wa mume wangu, kanisani kwetu Kilosa.

Picha nilijifunza kwenye studio moja pale Magomeni nilipomaliza kidato cha nne. Nilianza na paspoti saizi, nikaja kwenye ubatizo, nikafika kwenye sendofu. Nilipojifungua watu wakaacha kunipigia simu, kana kwamba macho yangu yalitoka pamoja na kondo la nyuma. Harusi ya wifi ndiyo ingenirudisha, maana kanisa zima lingekuwepo. Picha zikitoka nzuri, nimerudi kazini. Zikiharibika, niuze kamera nikaange mihogo.

Mama mkwe akaweka sharti. Kwao mke wa mwana hapiti mbele ya wakwe wapya na mtoto mgongoni, akichuchumaa na kuinuka karibu na madhabahu. "Piga," alisema, "lakini ukae mlangoni na wenye watoto. Hicho kimashine chako si kinaona?"

Nikamwambia ndiyo mama, kinaona. Hakioni. Kwa lenzi niliyokuwa nayo, kutoka mlangoni bibi harusi angetoka mdogo kama punje ya mchele.

Muuzaji alikuwa kijana anayeleta vifaa vya kamera vya mtumba kutoka Dar. Alikuwa amepanga chumba kwenye gesti moja pembeni ya barabara kuu, Mikumi. Pesa ilikuwa yangu, ya jasho langu, lakini mume wangu akasema lazima anisindikize, mwanamke akienda peke yake atauziwa kopo. Na safarini sisi tuna utaratibu wetu: mwanamume anashika pesa, mwanamke anashika mtoto. Nikampa pesa, nikashika mtoto. Kijana alimpa mkono yeye, akamwita bro. Mimi akaniita shem, na baada ya hapo hakunitazama tena.

Alitoa lenzi mbili. Moja nyembamba, inang'aa, ukiizungusha inatoka kama shingo ya kobe. Ya pili nene, nzito kama tofali, rangi imechubuka, haivuti mbali kama mwenzake, lakini kioo chake cha mbele kipana kama kisahani cha chai. Bei zilikaribiana. Nikaigeuza ile nene nikasoma namba ndogo ukingoni. Studio nilifundishwa kwamba namba hiyo ikiwa ndogo, lenzi inaingiza mwanga mwingi, na penye giza utapona. Ile nene ilikuwa mbili nukta nane. Ile nyembamba, ukiivuta mpaka mwisho, tano nukta sita.

"Bro, twende nje ukaone maajabu," kijana akasema.

Jua la mchana lilikuwa kali hadi lami inameta. Ng'ambo ya barabara nyani walikuwa wamekaa wanachokonoana chawa. Mume wangu akachungulia, akapiga ukelele. "Mama mtoto, njoo! Namwona mpaka kope!"

"Harusi ni ndani," nikasema. "Tukajaribu ndani."

"Ndani kuna nini cha kupiga, shem? Ndoo?"

"Ndiyo. Ndoo."

Nikaingia kwenye korido ya gesti. Kulikuwa na giza, na mwisho kabisa ndoo ya bluu ya deki. Nikatoa kamera yangu, nikaipiga kwa lenzi zote mbili. Kwa ile nyembamba ndoo ilitoka kama uji uliomwagika. Kwa ile nene niliona hadi tone la maji lililoning'inia kwenye mpini.

"Nataka hii."

Mume wangu akaipima mkononi, akacheka. "Hii? Hii hata nyani haimfikii."

"Nani kakwambia dada yako ni nyani?"

Kijana alicheka mpaka akashika ukuta. Mume wangu hakucheka. Mtoto akaanza kulia, nikaenda kukaa chumbani kumnyonyesha. Nilipotoka, biashara ilikuwa imekwisha. Ile nyembamba iko kwenye mfuko, mfuko uko begani kwa mume wangu, na kijana anahesabu pesa yangu.

Siku ya harusi mawingu yalifunga na umeme ukakatika. Mchungaji hataki flashi ibadani, na hata angetaka, flashi yangu haifiki mbele kutoka mlangoni. Nikapandisha kila kinachopandishwa kwenye kamera hadi picha zikawa kama zimenyunyiziwa mchanga. Pete ikawa moshi. Bibi harusi akawa shuka jeupe linalopepea.

Walizitazama sebuleni kwa mama mkwe. Wifi alilia. Mama mkwe akasema, "Mkono wa anayenyonyesha hauna nguvu. Nilijua." Nikamtazama mume wangu, maana yeye alikuwepo Mikumi, alijua. Akakuna shingo, akasema, "Labda alitikisika."

Labda alitikisika! Nikarudisha picha nyuma kwenye kamera mpaka korido ya gesti, nikampa wifi aone ile ya lenzi nene.

Akaitazama. "Kwa hiyo ndoo ya deki imetoka vizuri kuliko mimi?"

"Ndiyo, wifi. Ndoo niliichagulia lenzi mimi. Wewe alikuchagulia kaka yako."

Hakuna aliyeniomba radhi. Harusi zilizofuata kanisani wamemwita mpiga picha kutoka Morogoro, na mtaani nasikia kwamba nina mkono unaotetemeka. Ile lenzi mume wangu huitoa wageni wakija, awasimulie nyani wake wa Mikumi.

Juzi nilimpigia yule kijana. Ile nene bado ipo, hakuna aliyeitaka kwa sababu haifiki kwa wanyama. Amekubali nimrudishie hii na nimwongezee pesa kidogo. Kwa hiyo jana asubuhi nilikamua maziwa nikajaza chupa, nikamfunga mtoto mgongoni kwa baba yake kwa kitenge changu, nikachukua lenzi.

"Unakwenda wapi?"

"Mikumi."

"Na nani?"

"Na pesa."