Mwanamke wa Soksi Ukumbini

Kila mara michezo inapoanza, mratibu wa mashindano ya vijana ya kuunda maneno huvua viatu, akapita kati ya meza kwa soksi ili asiwasumbue watoto waliotoka nchi mbalimbali. Vidole vyake vimegandwa na gundi ya kubandikia namba za meza, na sauti imemkauka kwa kuita majina, lakini kibao cha herufi kikidondoka, ni yeye anayepiga magoti kukisaka chini ya viti. Siku ya fainali simu ilitetemeka mfukoni mwake. Aliipokea koridoni, akaegemea ukuta: jamaa wa binti mmoja aliyeingia fainali alimwambia kwamba baba yake binti huyo amefariki ghafla asubuhi hiyo.

“Mwache amalize,” mwalimu wa binti, aliyekwisha kupata habari, akamsihi pale koridoni, machozi yakimlengalenga. “Mwaka mzima alikuwa anaitafuta siku hii.”

Mratibu alirudisha simu mfukoni. Aliingia ukumbini, akasimama nyuma ya binti, akamtazama akipanga herufi huku akijing'ata mdomo. Aliinua mkono amguse bega, akaurudisha. Akauinua tena, akaurudisha tena. Hatimaye binti aliweka neno la mwisho, akajumlisha alama, akageuka na kumrukia shingoni.

“Mama, nimeshinda! Naomba simu yako nimwambie baba.”

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mratibu alimkumbatia, akashindwa kumwachia, mpaka kicheko cha binti kikakatika chenyewe.

“Mama,” akauliza polepole, “mbona unatetemeka?”