Karani Aliyesimama

Karani wa baraza la muungano wa nchi husoma mkataba kwa kidole, mstari kwa mstari, ingawa anaujua kama majina ya wanawe. Sauti yake ni ndogo. Ukitaka kumsikia, uiname. Siku alipokuja kupiga kura waziri ambaye serikali yake ilikuwa imewafunga majaji, karani alisimama.

“Mheshimiwa, kifungu cha saba kinaizuia nchi iliyowafunga majaji wake kupiga kura, mpaka iwaachie.”

“Mama, unajua unazungumza na nani?”

“Najua. Ndiyo maana nimesimama.”

Hakupepesa macho. Wajumbe wa nchi nyingine wakasimama naye, mmoja mmoja, mpaka waziri akakusanya makaratasi yake akatoka. Wiki ya tatu baada ya hapo, televisheni ya ofisini iliwaonyesha majaji wale wakitoka gerezani, na karani akapiga kigelegele kilichosikika mpaka barabarani.